Kutu ya Kijani: Miaka Yangu kwenye Chumba cha Betri

Wadogo zangu wa gereji, siku mliponiaga mliniomba niongee. Nilisimama, nikashika ukingo wa meza, nikasema chakula kinapoa. Mkacheka, mkala. Ukweli ni kwamba maneno yalikuwa mengi mno kwa mtu aliyesimama mbele ya sahani ya pilau. Sasa nimekaa, mikono haina grisi, naweza kuyaandika. Sitawasimulia vyeo, maana havikuwa vingi, wala mshahara, maana mnaujua. Nitawasimulia habari za nyaya za betri na watu walionifundisha kuzitazama.

Kwetu ni upande wa Mpwapwa, kwa wakulima wa uwele na karanga. Nilipomaliza chuo cha ufundi na cheti changu cha umeme wa magari, nilipangiwa karakana ya magari ya serikali mjini Dodoma. Zilikuwa zinaanza zile enzi tulizoziita za ruksa, biashara ilipoanza kulegezwa. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yalianza kuonyesha sabuni, na watu walikuwa wakisimama dirishani kutazama tu. Siku ya kwanza nilivaa ovaroli mpya niliyoipiga pasi ya mkaa mpaka ikawa inasimama yenyewe. Nilitaka injini. Nilikuwa nimeota injini tangu darasa la saba.

Injinia wa karakana alikuwa Mpare mmoja mrefu, Bwana Mbwambo. Alisoma cheti changu mpaka mwisho, jambo ambalo wengi hawakulifanya, kisha akasema, "Anjelina, kwa sasa nafasi iko chumba cha betri. Yuko Mzee Feruzi, ameomba msaidizi muda mrefu." Wanaume waliokuwa jirani wakainamisha vichwa ndani ya boneti zao ili nisiwaone wakicheka.

Chumba cha betri kilikuwa nyuma kabisa, peke yake, karibu na choo. Kilijengwa mbali kwa sababu betri inapochajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka kwa cheche ndogo, lakini mimi siku ile niliona tu kwamba nimepelekwa chooni. Ndani kulikuwa na meza ndefu ya mbao iliyoliwa na asidi, chaja kubwa iliyokuwa ikinguruma kama paka, na mzee mwembamba mwenye kofia nyeupe ya kufuma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Umekula?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza. Nilisema nimekula, ingawa sikuwa nimekula. Akanikatia kipande cha muhogo. Baada ya hapo akanionyesha ndoo ya maji iliyokuwa mlangoni. "Hii ndoo iwe karibu na wewe kuliko spana. Asidi ikikuingia jichoni, usikimbie, usipige kelele, usinitafute. Maji kwanza, mengi, halafu ndiyo unitafute." Akaongeza, "Na hiyo ovaroli yako nzuri, iage." Hakutania. Mwezi haukuisha kabla magoti yake hayajatoboka vitundu kama kichujio cha chai.

Mzee Ramadhani Feruzi alikuwa mtu wa mjini hasa, wa zile familia za Kiislamu ambazo mababu zao walifika na misafara ya biashara wakati Dodoma bado ni kituo cha kunyweshea punda. Ndugu zake wote walikuwa na maduka. Yeye peke yake aliingia kwenye asidi, na alipoulizwa kwa nini, alisema dukani watu huja na maneno, lakini betri huja na ugonjwa tu.

Somo la kwanza lilikuwa ule ukoko. Mnaujua: unga mweupe, mahali pengine wa kijani au wa bluu, unaoota juu ya vichwa vya betri na kwenye terminali, yaani kile kibanio cha mwisho wa waya kinachokamata kichwa cha betri. Mimi nilichukua brashi ya waya nikaanza kusugua kwa nguvu zangu zote za Mpwapwa. Mzee akanishika mkono taratibu.

"Kwanza mwulize umetoka wapi."

"Nani, mzee?"

"Huo unga. Haujaja wenyewe. Mtu akiota jipu, daktari halichani tu na kwenda zake."

Akanionyesha. Betri iliyojazwa maji kupita kiasi hutema asidi gari linaporuka kwenye mashimo. Betri isiyofungwa vizuri kwenye kitako chake hucheza, na mzizi wa kichwa chake hupata ufa mwembamba ambao asidi hupanda nao. Altaneta, ile mashine ya gari inayochaji betri, ikizidisha kiasi huichemsha, na mvuke wake hutua juu ya shaba na kuila. Terminali iliyolegea hupata joto, na palipo na joto kutu huenea mbio. Na hapa kwetu kuna jambo la nyongeza: watu hujazia betri maji ya bomba, na maji yetu ya Dodoma yana chumvi ambayo hata chai huilalamikia. "Ukisafisha bila kujua chanzo," alisema, "umemfulia shati mtu anayelala kwenye majivu."

Kisha akanituma sokoni kununua magadi. Nilijua tunapika. Kwetu magadi ni ya mlenda, na nilifurahi kwamba angalau chumba cha betri kina chakula cha mchana cha maana. Mama aliyeniuzia akaniuliza mboga ipi, nikamwambia sijui, nitaikuta kazini. Niliporudi Mzee akayaponda, akayayeyusha kwenye maji ya uvuguvugu, akayachuja kwa kitambaa ili mchanga ubaki. Akahakikisha vifuniko vya betri vimekazwa, maana tone la magadi likiingia ndani huua asidi ya kazi pamoja na ya uharibifu. Akamwaga kidogo juu ya ukoko. Likafumka povu likichemka na kunong'ona.

"Likitoka povu, bado anakula," akasema. "Povu likinyamaza, ameshiba. Suuza kwa maji safi, kausha."

Nilisimama pale nikicheka peke yangu. Nilikuwa nimemwona mama yangu akishika magadi maisha yangu yote, na chuoni tuliandika kwenye ubao maneno marefu kuhusu asidi, lakini hakuna aliyewahi kunikutanishia vitu hivyo viwili. Tangu siku hiyo sikuulizia tena habari za injini kwa haraka ile.

Mpangilio wa kazi mnaujua, lakini nitauandika kwa ajili ya atakayekuja baada yenu. Waya wa hasi hutoka kwanza na hurudi mwisho. Ukianza na chanya, na spana ikagusa bodi, utaona cheche ambayo hutaisahau, na ikiwa gesi ipo, huenda usiwe na muda wa kuisahau. Terminali haigongwi kwa nyundo. Inapanuliwa na kuvutwa kwa kuzungusha. Ndani yake na kichwa cha betri visuguliwe mpaka madini yake ya risasi yang'ae kama sufuria mpya. Vikutanishwe vikiwa vikavu, vikazwe, ndipo vipakwe mafuta ya mgando kwa nje, vifunikwe kabisa, hewa na mvuke visipate pa kupita. Kukaza kwanza, kupaka baadaye. Na chini ya terminali, Mzee aliweka kipande cha duara cha blanketi kuukuu kilicholowekwa oili, cha kunyonya mvuke kabla haujapanda.

Mafuta ya mgando yenyewe yalikuwa na historia. Karakana ililetewa kopo kubwa kwa nadra, na Dodoma kiangazi ngozi hupasuka kama udongo wa bwawa lililokauka. Kopo likifika, nusu ilikwenda kwenye betri, na nusu ilikwenda kwenye visigino vya wafanyakazi. Mzee alijua. Alikuwa akichota sehemu ya betri mapema na kuificha ndani ya kopo la grisi nyeusi, ambamo hakuna mtu angetia kisigino.

Baadaye milango ikafunguka kweli. Magari yaliyokwishatumika ng'ambo yakaanza kuingia kwa wingi, ya kila aina, na betri mpya zikajaa madukani. Sisi tuliokuwa tumezoea kuuguza betri moja kama mgonjwa wa nyumbani tulidhani kazi imekwisha. Ikawa kinyume. Magari mengi yalikuja na terminali nyembamba, na betri zilizokuwa madukani nyingi zilikuwa na vichwa vinene, au kinyume chake. Watu wakaanza kuchonga vichwa vya betri kwa kisu. Wengine walijazia nafasi kwa kipande cha bati.

Nilitumwa Kibaigwa mara kwa mara wakati wa mavuno, kwa sababu baadhi ya magari yetu yalipangiwa kazi huko, na nikishafika, madereva wa malori ya mahindi walinizunguka kama nimeleta posho. Huko niliona msumari wa inchi nne umepigiliwa kati ya kichwa cha betri na terminali, na mwenye lori, Mzaramo mcheshi, akauita "kiungo". Niliona mwingine akimwagia terminali soda, akiapa kwamba inasafisha. Ni kweli inasafisha. Lakini hakusuuza, na niliporudi wiki iliyofuata nilikuta msafara wa sisimizi umepanda betri kwa utaratibu ambao hata soko lile halikuwa nao. Ni Kibaigwa walikoanza kuniita Mama Betri, wakati sijaolewa wala sijazaa. Nililipokea jina hilo. Kuna watu wameitwa mabaya zaidi kwa kazi ndogo zaidi.

Mzee Feruzi akatengeneza vipete vya risasi vya kuvalisha vichwa vyembamba ili terminali pana ivikamate sawasawa. Akanipa pia mfuko wa turubai, akasema nisisafiri bila vitu hivi: brashi, kisu, spana mbili, chupa ya maji ya magadi, mafuta, kipande cha msasa, na terminali moja ya kukaza kwa bolti, isiyohitaji kuchomelewa. Nilimwambia mfuko ni mzito. Akaniambia, "Uzito wa mfuko unaujua. Wa kukosa huujui."

Sasa niwaambie habari ya mto.

Ilikuwa majira ya mvua. Nilikuwa nimepelekwa upande wa Kondoa kukagua magari ya wilaya, na kazi ilipokwisha nikapewa nafasi kwenye gari la wagonjwa lililokuwa linarudi Dodoma. Dereva alikuwa Dismasi, Msandawe wa Chemba, mtu mpole aliyezungumza na gari lake kuliko alivyozungumza na abiria. Gari lenyewe halikuwa kwenye orodha yangu ya ukaguzi. Lilikuwa limeharibikia njiani siku za nyuma, na fundi wa barabarani alikuwa amelitengeneza, basi kila mtu akaamini liko sawa.

Kwenye zahanati moja njiani tulisimamishwa na muuguzi, Sista Mwanaidi. Alikuwa na mama kijana anayeitwa Rehema, mimba yake ya kwanza, uchungu umemshika tangu jana na mtoto hashuki. "Huyu ni wa kupasuliwa," Sista aliniambia pembeni, "na hapa sina hata kisu cha kukatia kitunguu." Tulimlaza kwenye machela nyuma, Sista akapanda naye, mumewe akabaki kutafuta usafiri mwingine kwa kuwa nafasi haikutosha. Rehema hakuwa mzoefu wa Kiswahili. Dismasi aliendesha huku akimsemesha kwa lugha yao, ile yenye vidoko, na kila aliposema kitu, yule mama alikuwa akipumua kwa kina zaidi. Sikuelewa neno hata moja, lakini nami nilijikuta napumua.

Mchana tukafika kwenye mto wa mchanga. Mnaijua mito yetu: mwaka mzima ni barabara, siku moja ni bahari. Ulikuwa mkavu. Juu milimani, hata hivyo, mbingu zilikuwa nyeusi. Dismasi akatazama, akashusha gia, akaingia. Katikati mchanga ukashika magurudumu, injini ikazimika. Akageuza ufunguo. *Tik.* Akageuza tena. *Tik.* Taa za dashibodi zilififia hadi zikawa kama macho ya mtu anayesinzia.

Kwenye mchanga ule huwezi kusukuma gari mpaka liwake. Wachungaji watatu waliokuwa wakinywesha ng'ombe kwenye visima vya mchanga wakaanza kuswaga mifugo yao kwenda juu, haraka, bila kupumzika. Mmoja akatupigia kelele kwa Kigogo. Mimi ndiye niliyemwelewa.

"Anasemaje?" akauliza Sista.

"Anasema mto umeshatoka huko juu. Unakuja."

Sista Mwanaidi hakutikisika. "Basi mgonjwa atoke kwanza. Gari baadaye." Wachungaji walipomaliza kupandisha ng'ombe walirudi, Mungu awabariki, wakashika machela pamoja na Dismasi, wakampandisha Rehema ukingoni. Nami nikafungua boneti.

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Terminali zilikuwa safi. Zinang'aa, zimekazwa, zimepakwa mafuta. Betri ilikuwa na nguvu, kwa maana taa ziliwaka vizuri kabla ya kugeuza ufunguo. Nilishikwa na hofu ya aina fulani ambayo mafundi mnaijua, ya kukuta kila kitu kiko sawa wakati hakuna kinachofanya kazi. Nikamwita Dismasi aje ageuze ufunguo tena na kuushikilia kidogo, nami nikapitisha vidole kwenye waya wa hasi polepole, kama Mzee Feruzi alivyokuwa akifanya. Karibu na terminali palikuwa pamezungushwa tepu nyeusi, nadhifu kabisa. Chini ya tepu palikuwa pa moto.

Nikatoa waya, nikachana tepu kwa kisu. Ndani hapakuwa na shaba. Palikuwa na unga wa kijani, na nyuzi chache za waya zilizoshikana kama meno ya mzee. Asidi ilikuwa imepanda ndani ya ganda la mpira, ikila kimya kimya, na aliyesafisha terminali alifunika jipu kwa bandeji nzuri. Nikakata waya mpaka nilipoona shaba nyekundu. Nikaumwagia maji ya magadi, nikaufuta, nikafunga ile terminali ya bolti iliyokuwa kwenye mfuko mzito. Lakini sasa waya ulikuwa mfupi. Haukufika kwenye betri.

"Dada Anjelina," Dismasi akasema. Alikuwa akitazama juu ya mto. Sikutazama. Nilisikia. Ni sauti kama ya lori la mbali linalopanda mlima.

Waya wa hasi hauna haja ya kurudi ulikotoka. Unahitaji chuma tu, chuma kisafi cha gari. Niliufungua upande wake wa pili, nikatafuta bolti nyingine kwenye fremu iliyo karibu zaidi na betri, nikaikwangua rangi na kutu kwa kisu mpaka ikang'aa, nikaufunga pale. Ukafika, umevutika kidogo, lakini ukafika. Nikakaza.

"Geuza!"

Stata ikazungusha injini kwa nguvu ambayo sikuwa nimeisikia tangu tuanze safari. Ikawaka. Wachungaji walikuwa wamesharudi na matawi, wakayatupa chini ya magurudumu, tukasukuma wote, mimi nikiwa na boneti wazi mbele yangu na spana mdomoni. Gari likapanda ukingo. Tulipogeuka, maji ya kahawia yalikuwa yamefika pale lilipokuwa, kwanza ulimi mwembamba wenye povu na vijiti, kisha mto wenyewe.

Nilikaa chini kwenye nyasi nikalia. Sista Mwanaidi akaniacha nilie kidogo tu. "Utamalizia ndani ya gari," akasema, "twende."

Rehema alipasuliwa Dodoma jioni ile. Mtoto wa kike, na kelele za kutosha. Baada ya muda Dismasi alikuja karakana na dumu la asali ya nyuki wakubwa kutoka kwa baba wa mtoto, akalitua juu ya meza yetu iliyoliwa na asidi. Alimsimulia Mzee Feruzi habari yote, akinisifu mpaka nikatoka nje. Niliporudi, Mzee alikuwa ameshika kile kipande cha waya nilichokikata, akikikunja na kukikunjua karibu na sikio.

"Sikiliza," akasema. Waya ulikuwa ukilia kama mtu anayetembea juu ya majani makavu. "Waya mzima haulii."

Kuanzia siku ile, kwa ruhusa ya Injinia Mbwambo, hakuna gari lililotoka kwetu na tepu juu ya waya wa betri. Injinia hakuishia kuruhusu. Alizunguka nasi wilayani kwa siku zake za mapumziko, mikono ya shati imekunjwa, akikunja nyaya na kuzisikiliza. Tulikuta nyingine zinazolia. Kila moja niliyoikata nilishukuru kwamba haikusubiri mto.

Kisha ikaja ile miaka ya kupunguzwa. Karakana nyingi za serikali zikapungua watu, yetu ikiwa mojawapo, na chumba cha betri kikawa cha kwanza kufungwa, kwa kuwa betri mpya ilipatikana dukani kama mkate. Mzee Feruzi alipewa mkono wa kwaheri, nami nikafuata. Niliona dunia imekwisha. Nilikwenda kwake nikamkuta barazani akinoa brashi ya waya kwenye jiwe, jambo ambalo hadi leo sijui lilikuwa na faida gani kwa brashi, ila lilikuwa na faida kwangu.

"Mzee, tutafanya nini?"

"Magari yameisha mjini?"

"Yameongezeka."

"Basi mbona unauliza?"

Tukapata uwanja mdogo Makole, tukaegesha turubai ukutani. Mteja wetu wa kwanza alikuwa Injinia Mbwambo mwenyewe na gari lake kuukuu. Alisema halianzi vizuri asubuhi. Nililikagua, sikuona tatizo. Nikamwambia. Akacheka, akasema, "Najua. Nimekuja ili wapita njia waone gari hapa." Tulilisafisha hivyo hivyo, polepole sana, boneti ikiwa wazi upande wa barabarani.

Hapo ndipo ilipoanzia gereji mnayoijua. Nikaolewa, nikazaa, jina la Mama Betri likapata mtoto wa kweli. Mzee Feruzi aliendelea kuja hata macho yalipomwishia. Alikuwa akikaa kwenye kigoda, tunamletea gari, anaweka vidole juu ya terminali baada ya stata kuzunguka, na anasema, "Baridi, nzuri," au "Ina homa, fungua." Mwaka wake wa mwisho hakuweza kusimama, basi nilikuwa nikimpelekea nyumbani habari za kazi baada ya swala ya Ijumaa. Ananiuliza habari za betri moja moja kama anaulizia wajukuu. Alifariki usingizini. Watoto wake wenye maduka walinipa kofia yake moja, na walinikalisha na wafiwa, mimi Mkristo wa Mpwapwa.

Nimeona mengi tangu hapo. Betri siku hizi nyingi zimefungwa, hazijazwi maji, na kuna vipulizo vya kopo vya kuzuia kutu kwa rangi nyekundu na kijani. Vitumieni, ni vizuri. Lakini vipulizo haviulizi unga umetoka wapi. Pimeni altaneta. Kazeni kitako cha betri. Kunjeni waya, tegeni sikio.

Jambo la mwisho, halafu niache kalamu. Jumatatu baada ya kuniaga, miguu ilinileta gereji yenyewe, saa ile ile ya kufungua. Nilisimama ng'ambo ya barabara nyuma ya kibanda cha vocha. Zuhura, ulikuwa umeinamia basi dogo la abiria, na dereva wake alikuwa anakuharakisha, anasema amechelewa, abiria wanamsubiri, funga tu twende. Ulitoa hasi kwanza. Ulimwaga magadi ukasubiri povu linyamaze. Dereva akapiga honi kwa kupitisha mkono dirishani. Ukainua waya, ukaukunja karibu na sikio, ukamwambia, bila kugeuka, "Kaka, nyamaza kidogo, nasikiliza."

Dereva akanyamaza. Nami nikageuka taratibu, nisije nikakuvurugia kazi, nikapanda gari la Hombolo kwenda kuangalia shamba langu la zabibu.